Akwaporini: maji yapite, protoni izuiwe?

seli_hai:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Akwaporini (protini iliyo mfereji wa maji kwenye utando wa seli) moja hupitisha molekuli za maji karibu bilioni 3 kwa sekunde, zikifuatana moja moja. Ila kwenye mnyororo wa maji protoni (ioni ya hidrojeni) hurukia molekuli ya jirani kirahisi. Mbona protoni haivuji? Ikivuja, tofauti ya chaji kwenye utando itapotea na seli haitengenezi tena ATP, molekuli inayoipa nishati.

utando:
Mkuu, ukubwa wa tundu peke yake hautoshi kueleza. Kwenye AQP1 (aina mojawapo ya akwaporini) sehemu nyembamba ina upana wa nanomita 0.28, sawa na molekuli moja ya maji. Hapo yupo ajinini 195 (asidi amino ya 195 kwenye mnyororo wa protini) mwenye chaji chanya, anasukuma protoni irudi nyuma. Katikati ya mfereji, asidi amino mbili, asparajini 76 na 192, hushika oksijeni ya maji, molekuli inageuka, na mnyororo wa kuruka protoni unakatika. Vitabu vingi huishia hapo. Kizuizi kikubwa zaidi ni umeme: ncha chanya za helikisi (sehemu za protini zilizojisokota) mbili fupi hukutana palepale katikati.

maabara_usiku:
Ukitaka kuipima, tumia mayai ya chura Xenopus, kama timu ya mtafiti Peter Agre mwaka 1992. Dunga RNA ya AQP1 (maelekezo ya kuitengeneza), subiri saa 72, kisha hamisha yai kutoka mmumunyo wa 200 mOsm (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka) kwenda 70. Lenye mfereji huvimba na kupasuka ndani ya dakika chache. Lazima uwe na mayai yaliyodungwa maji matupu, la sivyo huwezi kujua kama uvimbe umetokana na mfereji au yai lilijeruhiwa na sindano. Zebaki huziba AQP1 kwa kushika asidi amino sisteini 189, lakini AQP4 haizibwi nayo. Kwa hiyo zebaki ikishindwa, usikimbilie kusema hakuna mfereji. Na zebaki ni sumu: glavu, na taka zake zisimwagwe kwenye sinki.

seli_hai:
Asante sana. Sasa figo inaongezaje kasi? Kuna mlango unaofunguka?

utando:
Kwa AQP2, akwaporini ya figo, hapana. Homoni ya vasopresini hupandisha cAMP (molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli), asidi amino serini 256 ya AQP2 inapata fosfati, na vifuko vyenye AQP2 vinaungana na utando upande wa mkojo. Mifereji inaongezeka, maji yanafuata chumvi yenyewe, bila pampu. Homoni ikishuka, mifereji hurudishwa ndani.