Mrejesho: Binti yangu na darasa la pamoja la historia na Kiingereza

Ndugu zangu, mwezi Septemba niliomba ushauri kama nimwondoe binti yangu, aliye darasa la 10 hapa Ohio, katika darasa la ngazi ya juu linalounganisha historia ya Marekani na Kiingereza, kwa kuwa alikuwa akikesha hadi saa saba usiku. Hatukumwondoa. Tulikutana na walimu wote wawili, kama mlivyoshauri, ndipo ikabainika kwamba kila mmoja alikuwa akitoa kazi bila kutazama za mwenzake, hata insha mbili zikaangukia siku moja. Sasa insha ni moja: mwalimu wa historia anapima ushahidi, wa Kiingereza anapima hoja na lugha.

Walipofikia simulizi ya mwaka 1845 ya Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwa akaandika maisha yake, binti aliisoma kama fasihi na pia kama ushahidi wa utumwa wa Maryland, akanieleza kwamba kuwataja mabwana zake kwa majina kulimweka Douglass katika hatari ya kukamatwa tena, hata akavuka bahari kwenda Ireland na Uingereza. Maelezo hayo yalinifurahisha kuliko alama zake.

Usomaji bado ni mwingi, lakini saa nne na nusu anakuwa amelala. Nawashukuru kwa dhati, hasa mwalimu mstaafu aliyenisihi nisiharakishe.