Naomba ushauri: kuogesha ndama baada ya chanjo ya ndigana kali

Wafugaji wenzangu na wataalamu wa mifugo, habari zenu.

Nafuga ng'ombe chotara wa maziwa wilayani Handeni, mkoani Tanga, ambako kupe ni wengi mno, hasa masika yanapoanza. Baada ya ndama kufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, tuliungana na majirani ili daktari wa mifugo atuletee chanjo ile inayohifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni, ambayo huchomwa pamoja na sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini inayodumu muda mrefu mwilini. Ndama wote walichanjwa na kuvishwa hereni, nao wanaendelea vizuri.

Kabla ya chanjo nilikuwa naogesha ng'ombe kwa dawa ya kuua kupe kila wiki, kwa bomba la mgongoni, na gharama ya dawa ilinielemea. Mchungaji wangu, ambaye amekaa na ng'ombe tangu utotoni na maneno yake siyapuuzi, anasema sasa tuache kabisa, kwa kuwa kupe wachache huimarisha kinga. Mimi nahofia ndigana baridi na kukojoa damu, magonjwa mengine ya kupe ambayo chanjo hii haiyazuii. Nimejaribu kuogesha kila baada ya wiki mbili, lakini kupe bado wanaonekana masikioni na chini ya mkia.

Naomba kuuliza: kwa eneo lenye kupe wengi namna hii, ndama waliochanjwa waogeshwe kila baada ya muda gani? Na je, kupaka dawa masikioni na mkiani tu kunatosha, au ni lazima kuogesha mwili mzima?