Nimemkwaza mama mdogo kwa ajili ya barakoa, na mwali anakuja nyumbani. Naombeni ushauri

Binti Ngamiani (Agosti 2021)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Naandika kutoka Tanga mjini, Ngamiani. Naishi na mama yangu, ana miaka 68, ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa na presha juu yake. Mama ni somo. Watu wa pwani watanielewa: mwali akikaribia kuolewa huletwa kwetu, huwekwa ndani siku saba, husingwa, hufundwa, na kina mama huingia na kutoka tangu asubuhi hadi usiku. Tangu nipate akili sijaona mlango wetu umefungwa mchana.

Wiki mbili zijazo mjukuu wa shangazi anaolewa, na mwali anakuja kwetu. Nina hofu ya corona. Mwezi uliopita tumezika majirani wawili, wote watu wazima, wote walianza na mafua na homa wakaishia kukosa pumzi. Msibani hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Wengine wakasema nimonia, wengine changamoto ya upumuaji, kisha tukala pamoja, tukapeana mikono, tukatawanyika.

Basi Ijumaa iliyopita niliweka ndoo ya koki na sabuni barazani, boksi la barakoa juu ya kigoda, na karatasi mlangoni: "Nawa, vaa barakoa, ndipo uingie." Wa kwanza kufika alikuwa mama mdogo, ndugu yake mama wa tumbo moja. Aliisoma ile karatasi, akaisoma tena. Akaninyooshea mkono niubusu kama kawaida yetu. Nami nikarudi nyuma hatua moja, nikamwamkia kwa mbali.

Akaniambia, "Mie nimekutawaza kwa mikono hii. Leo wanionea kinyaa?"

Akageuka, akarudi Makorora na bajaji ile ile iliyomleta. Toka siku hiyo hapokei simu yangu. Mama ameing'oa karatasi kwa mkono wake mwenyewe na ananijibu kwa mkato.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana hatukuwa hivi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa kesho yake, na ndani ya siku chache kila duka mtaani kwetu lilikuwa na ndoo ya maji. Mama mdogo huyo huyo ndiye aliyekuwa akinikumbusha kunawa. Kufika Mei takwimu zikasimama, wagonjwa 509 na vifo 21, shule zikafunguliwa 29 Juni, na ndoo moja moja zikarudishwa ndani. Leo ukivaa barakoa kwenye daladala watu wanakusogea mbali, wakidhani mgonjwa ni wewe.

Naombeni ushauri: nimlindeje mama bila kukata udugu? Na habari ya chanjo nianze nayo vipi, maana amekwisha sikia ya kila namna?

Mzigua wa Handeni

Pole sana dada. Ahirisheni harusi.

Binti Ngamiani

Harusi si yangu, kaka. Mahari imetolewa, na bwana harusi anarudi kazini Mtwara mwezi ujao.

Kijana wa Chumbageni

Dada yangu, nasema kwa nia njema kabisa. Mwaka jana sisi tulimfungia bibi ndani miezi mitatu. Wajukuu tulimwamkia dirishani. Corona hakuipata, lakini aliacha kula, akaacha kuzungumza, na mpaka leo hajarudi kuwa yule tuliyemjua. Ukimnyima mama yako watu wake, umemwondolea na uhai wake.

Chanjo nami siiamini. Imetoka ndani ya mwaka mmoja, na ya malaria tunaingoja tangu hatujazaliwa. Mabinti huku wanasema inafunga kizazi. Mwache mama apige nyungu, ajifukize kwa mvuke wa majani, mwarobaini na mchaichai viko uani.

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi wodini hapa hapa mkoani. Kijana wa Chumbageni, la bibi yako limenigusa na una haki nalo. Tulipoambiwa tuwalinde wazee, wengi tulielewa kuwatenga, na wengi wamedhoofu kwa hilo. Lakini yale mengine siwezi kuyaacha yapite.

Nyungu hulegeza kamasi, mtu akapata nafuu ya kupumua kwa muda. Kirusi kilichokwisha kuingia mwilini haikiui. Na watu wanaungua. Mwenye kisukari cha miaka mingi huwa na ganzi miguuni, sufuria ikimwagika anaweza asihisi mpaka ngozi imebabuka, na kidonda chake hakifungi upesi. Tena siku hizi wanajifunika wawili watatu chini ya blanketi moja. Mmoja akiwa nao, amewapa wote.

Chanjo iliyokuja ni ya Janssen, sindano moja tu, dozi zaidi ya milioni moja kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kuzigawia nchi chanjo. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Kuhusu haraka yake: njia yenyewe si mpya. Wanachukua kirusi cha mafua ya kawaida, wanakiondolea uwezo wa kuzaliana, kisha wanakitumia kuufundisha mwili sura ya adui. Njia hiyo hiyo ilitumika katika chanjo yao ya Ebola, na wenzetu wa Kongo walichanjwa mwaka 2019. Ya malaria imechukua muda kwa sababu malaria ni kimelea, kinabadilika sura kila kikihama kutoka ini kwenda kwenye damu. Nayo haikuachwa: watoto wa Korogwe, mkoa wetu huu, na wenzao wa Bagamoyo walikuwemo katika majaribio yake makubwa kuanzia mwaka 2009. Kina mama wao waliwapeleka kwa hiari zao.

Kwamba inafunga kizazi, ushahidi haupo. Madhara yapo na nitayasema: mkono kuuma, homa, uchovu wa siku moja au mbili. Kuna la damu kuganda, ambalo ni nadra sana. Mtu akiumwa kichwa kikali kisichoisha, kifua, au mguu ukavimba ndani ya wiki tatu, arudi kituoni bila kungoja. Waliotangulizwa kupewa ni wahudumu wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya muda mrefu. Mama yako anaingia kwa umri na anaingia kwa kisukari.

Sasa nyumbani kwako, dada. Ndoo iache, maji na sabuni vinakinga na kuhara pia. Ila ungeanza na hewa. Ugonjwa huu hukaa kwenye pumzi za watu waliojazana chumba kimefungwa. Kina mama wakikaa uani au barazani umefanya kubwa kuliko lile boksi. Chumbani kwa mwali waingie wawili kwa zamu, dirisha likiwa wazi.

Abuu Swafiya

Wa alaykum salaam. Uliyoyafanya yana asili katika dini yetu, usione umezua jambo. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aliwarudisha watu. Akaulizwa, unakimbia kadari ya Allah? Akajibu kuwa anakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, alikataza kuingia katika mji wenye tauni na kutoka humo ukikukuta ndani. Hija ya mwaka huu wameruhusiwa watu 60,000 tu, wote waliomo Saudia, na kwa sharti la kuchanjwa, na tunajua miaka mingine hufika zaidi ya milioni mbili. Kama tahadhari imeingia Makka, haiwezi kuwa aibu Ngamiani.

Lakini maneno haya usimwambie mama wewe. Mwendee imamu wa msikiti wenu, umweleze, ayaseme yeye baada ya swala au kwenye darsa ya kina mama. Mtoto akimhadithia mzazi dini, hata akisema kweli, yanaonekana majibizano.

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu, wote hao wamesema vizuri, lakini hakuna aliyesema juu ya mkono ule.

Mama yako mdogo hakukasirikia barakoa. Alinyoosha mkono ukauacha hewani, mbele ya mlango alioingilia miaka yote. Sie kwetu mtu hafanyiwi hivyo ila amekosa. Na karatasi mlangoni! Karatasi mlangoni ni ya ofisini. Ungempigia simu usiku ule kabla hajaja, ukamwambia, "Mama mdogo, namwogopea dada yako, nisaidie," angekuja na ndoo yake mwenyewe.

Nami nikupe la kufanya. Harusi itakuwa na sare, sivyo? Basi kwenye doti za kanga, chukueni moja mkate barakoa, tabaka mbili na kitambaa cha pamba katikati. Fundi atazishona kwa siku moja. Atakayepewa kanga amepewa na barakoa yake, na aliyeigawa awe ni somo mwenyewe, si wewe. Hapo imekuwa zawadi ya mwali. Wenye nikabu wamekwisha kujifunika, waacheni walivyo.

La chanjo, mwulize mama yako lile kovu la begani ni la nini. Wengi wa rika letu tunalo. Ni la ndui. Mie nakumbuka tulivyopangwa mstari shuleni, na nakumbuka mtoto wa jirani aliyeharibika uso na jicho moja likapofuka. Ndui ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980, na wewe mwanangu huna kovu hilo kwa sababu sie tulichanjwa. Usimsomee habari za simu. Mshike bega, umwulize, kisha unyamaze umsikilize.

Kijana wa Chumbageni

Bi Mkubwa, hili la kovu sijawahi kulifikiria. Bibi yangu analo. Chanjo bado nina mashaka nayo, siwezi kusema uongo, lakini la nyungu ya pamoja nimelielewa na nyumbani nimelisema.

Binti Ngamiani (siku nne baadaye)

Nimerudi, na shukrani zangu kwenu nyote.

Imamu alizungumza jana baada ya Isha. Hakumtaja mtu. Mama alikuwa upande wa kina mama, na aliporudi aliitoa ndoo jikoni akaiweka barazani mwenyewe, bila kuniambia neno. Mikeka tumeshusha uani, na mti wa mkungu una kivuli cha kutosha watu thelathini. Kanga ziko kwa fundi. Mama amechagua rangi, na ameagiza za wazee zishonwe kamba za kufunga nyuma ya kichwa, kwa kuwa za masikioni zinagongana na miwani na ushungi.

Kovu nilimwuliza juzi usiku nikimchoma insulini. Alicheka, akasema siku ile walichanjwa yeye na mama mdogo mstari mmoja, mama mdogo akakimbia akajificha kwenye shamba la mkonge, na marehemu babu akamrudisha amembeba mgongoni. Akanyamaza kitambo. Halafu akaniambia, "Nitakwenda. Lakini siendi bila mdogo wangu."

Kwa hiyo kesho asubuhi naenda Makorora. La sindano sitaligusa mpaka nimeubusu ule mkono na kumwomba radhi. Nimekwisha kunawa mara tatu kwa wasiwasi tu, na bado usiku haujaisha.