Mjadala: Ziada ya wakfu ikanunue dhahabu, au tujenge fremu nyingine?

Mleta mada: Assalaam alaykum wana Tanga. Wakfu nyingi (mali zilizotolewa kwa ajili ya Mungu, mapato yake yaendeshe misikiti na madrasa) tunazozijua hapa ni nyumba na fremu za maduka za Ngamiani. Biashara ikidoda, wapangaji wote wanachelewesha kodi kwa pamoja, na ustaadh wa madrasa anakopa mchele dukani. Nyumba zenyewe zibaki, sharti la mweka wakfu halichezewi. Ila ile ziada, kwa nini kila siku tuongeze fremu? Tanga tulishategemea kitu kimoja: mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kisha nyuzi za viwandani zikaua bei. Kilichofuata wazee wanakijua.

Mwana Makorora: Wa alaykum salaam. Dhahabu, basi. Shilingi inashuka, dhahabu haiozi.

Chumbageni: Haiozi lakini inashuka, kaka. Machi 2008 wakia moja ilifika dola 1,000. Kabla mwaka haujaisha ilishakaribia 700. Aliyevumilia mpaka 2011 aliuza kwa dola 1,900, na hongera zake. Sasa niambie, wakfu wenye mishahara ya kila mwezi unavumilia miaka mitatu kwa kula nini? Dhahabu haina mpangaji. Halafu hii ya kulipa kidogo kidogo kwa sonara mpaka deni liishe, mnaiitaje kama si riba? Dhahabu kwa fedha ni mkono kwa mkono, papo hapo.

Mwana Makorora: Hapo kwa sonara umenipata. Kwenye bei bado.

Shangazi wa Duga: Wanangu, mbona hamuitaji hatifungani, ile hati ya kuikopesha mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ya 2024? Pesa ya maji yetu wenyewe.

Mleta mada: Shikamoo shangazi. Maji ni halali, ila ile inalipa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Mfano wetu ni sukuk, yaani hati za uwekezaji za Kiislamu zisizo za riba, kama ile ya benki ya KCB ya 2022. Faida yake inatakiwa itokane na mali au biashara yenyewe.

Chumbageni: "Inatakiwa." Mwaka 2009 kampuni ya Nakheel ya Dubai ilikwama na sukuk ya dola bilioni 3.5, ikaokolewa na pesa za Abu Dhabi. Sipingi sukuk. Nasema usome mkataba: mambo yakiharibika, mali ile unaweza kuidai, au una karatasi tu mkononi? Wengi wetu tunaona neno la Kiarabu tunatia sahihi.

Mwana Makorora: Basi gaweni: theluthi dhahabu, theluthi sukuk, theluthi shamba la minazi Pangani.

Shangazi wa Duga: Marahaba. Theluthi ya nini?

Mleta mada: Ya ziada, shangazi. Kinachobaki baada ya mishahara na ukarabati.

Shangazi wa Duga: Paa la madrasa ya mtaani kwetu linavuja tangu masika. Hiyo ziada mmeihesabu na paa, au bila paa?