Korveti ya Visby ingefaa Ziwa Victoria?

Mlinzi_wa_Gaba:
Wakuu, korveti (meli ndogo za kivita) za Visby za Uswidi zina tani 640, urefu wa mita 72.7, na sehemu inayokaa chini ya maji ni mita 2.4 tu. Ziwa letu lina kina cha kuzitosha. Mbali na pesa, kuna kizuizi gani cha kiufundi? Msinijibu "Uganda haina bahari", hilo nalijua.

Fundi_wa_Jinja:
Ssebo, anza na kuifikisha. Nile ina maporomoko, haipitiki. Meli kubwa za ziwa hili huja vipande: MV Victoria ilijengwa Uskoti, ikaunganishwa Kisumu. Chuma kinakubali hayo, unabeba na kuunga.

Visby si chuma. Bodi yake, yaani mwili wa meli, ni kama sandwichi: tabaka za nyuzi za kaboni nje na ndani, povu gumu la PVC katikati. Nguvu iko kwenye nyuzi zisizokatika. Ukiikata, kila ukingo usagwe kwa mteremko mrefu, tabaka zirudishiwe moja moja, na unyevu udhibitiwe muda wote. Unyevu ukinaswa humo, ngozi hubanduka kwenye povu na kwa macho huoni kitu. Unagonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza mlio mfu, au unapima kwa mawimbi ya sauti.

Nanga7:
Ongeza maji. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 kuliko ya ziwa, kwa hiyo meli itakaa chini zaidi majini huku.

Tabini_na_Dizeli:
Nanga7, hesabu hiyo ni ya Bahari ya Hindi. Visby ni ya Bahari ya Baltiki, ambako chumvi ni kidogo mno, karibu sehemu 7 kwa elfu pale bandari ya Karlskrona, Uswidi. Bahari kuu ni 35. Tofauti ya kina cha kuzama haifiki hata sentimita moja.

Hewa ndiyo tatizo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi hata kabla ya kuhesabu joto. Tabini zake nne za gesi hutoa megawati 16. Huku ungepata 13 na kitu. Mwendo wake wa noti 35 (maili za baharini kwa saa) ungepungua kama noti mbili. Inavumilika.

Kisichovumilika ni magugu maji. Visby haina rafadha (propela), inasukumwa na jeti mbili, yaani pampu zinazonyonya maji chini ya bodi, na magugu yangenyonywa humo pia.

Mlinzi_wa_Gaba:
Basi hata boti ndogo za jeti zina shida hiyo?

Tabini_na_Dizeli:
Ndiyo, ila zinasafishika. Dalili: mizunguko ya injini inapanda, mwendo unashuka, na pampu inalia kama imemeza kokoto. Usiongeze mafuta, utaharibu visu vya pampu. Rudisha injini mizunguko ya chini; kama giaboksi ina rivasi, zungusha kinyume kidogo ili majani yatemwe. Yakigoma, zima injini, toa ufunguo, ndipo ufungue kifuniko cha ukaguzi na kuvuta kwa mkono. Kagua pia chujio la maji ya kupoza, kwa kawaida huziba siku hiyohiyo.

Fundi_wa_Jinja:
Na ile sifa ya Visby ya kujificha kwenye rada? Mtumbwi wa mbao wa mvuvi nao hauonekani vizuri kwenye rada, bei yake haifiki hata ya kifuniko hicho cha pampu.