UZI WA MALALAMIKO: Ajenti wa Kampala katuuzia paraselingi Diani, pwani ya Kenya, mwezi wa upepo wa kusi, mtoto kaumia na hela hataki kurudisha

Nimejizuia wiki mbili nzima nisiandike maana hasira nazijua zangu. Leo saa moja asubuhi yule ajenti ndiyo kanijibu WhatsApp, mstari mmoja tu, "madam hela ya mchezo hairudi, imeandikwa kwa risiti", halafu akanibloku. Basi naandika. Nyie mlioko Kampala, Bombo, Jinja, Arua, yeyote anayepanga kupeleka watoto baharini likizo ya Agosti, tafadhali soma kabla hujamtumia mtu hela kwa simu.

Mimi ni mtoto wa Bombo, kazi nafanya Kampala. Sisi wa huku bahari yetu ni ziwa, Entebbe tumeoga, Ssese tumelala, lakini maji ya chumvi kijana wangu alikuwa hajawahi kuyatia mdomoni. Ana miaka 15. Nilimwahidi akifanya vizuri muhula wa pili nampeleka, na kweli kafanya, sasa mimi mama yake nitarudi nyuma vipi? Nimeweka kwa kikundi chetu cha akina mama shilingi 50,000 za Uganda kila Ijumaa mwaka mzima, ikafika 2,600,000, ndiyo hiyo hiyo ajenti kaichukua yote kwa watu wawili, basi, treni, hoteli usiku tatu. Mdogo wangu wa kike kajilipia yake. Juu ya hapo paraselingi 350,000 kwa kichwa, nikamlipia kijana na mdogo wangu akajilipia, 700,000 imeondoka kabla hatujapanda basi. Mimi kuruka sikutaka.

Kwa ambaye hajaiona, paraselingi ni ule mchezo wa kufungwa mikanda kifuani na mapajani, nyuma yako parashuti, mbele yako kamba ndefu imeshikwa na boti, boti ikikimbia wewe unapaa. Ziko za aina mbili, na hapa ndipo uongo wa kwanza ulipo. Kuna ile ya boti kubwa yenye winchi, yaani mtambo wa kuviringishia kamba, unaondokea juu ya boti, winchi inakuachia kamba pole pole na kukurudisha pale pale, muda wote uko juu ya maji mbali na miti na nyumba. Halafu kuna ile ya mchangani, wanaume wawili wanakushikia parashuti likae wazi, boti inavuta, unakimbia hatua mbili tatu upo angani, kushuka wanapiga filimbi unavuta mkanda wa upande mmoja ili uangukie mchangani. Hiyo ya pili inategemea upepo uwe mtulivu kabisa, kwa sababu nyuma ya mchanga kuna minazi, kuta za hoteli na nyaya. Picha aliyotutumia ajenti ni ya boti ya winchi, ninayo mpaka sasa. Tuliyoikuta ni ya mchangani.

Safari sitaielezea sana. Basi usiku kupitia Busia, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka kwa mtu mzima, Nairobi tukapanda treni ya SGR mpaka Mombasa, feri ya Likoni, tukafika Ukunda tumechoka lakini tunacheka. Kijana alipoiona bahari alisimama tu, hakusema kitu.

Siku ya pili tunaenda mchangani, upepo banange! Minazi yote imeinamia upande mmoja, mawimbi yana povu jeupe mpaka mbali, mchanga unakupiga miguuni kama sindano. Waliojaa majini ni wale wanaoteleza kwa ubao wakivutwa na kishada, wao ndio wanautafuta upepo huo. Wale vijana wa boti wenyewe wakatuambia kwa heshima, "dada, leo hapana, njooni kesho." Nikawashukuru. Kesho yake vile vile, hapana.

Hapo pembeni kulikuwa na mzee mmoja anatengeneza ngalawa yake, nikamsalimia, shikamoo baba, akaniitikia, akauliza tunatoka wapi. Nikamwambia Uganda. Akasema, "Mwanangu, hii ni kusi. Nani kawaambia mje kurushwa mwezi huu? Sisi wenyewe twatoka kwa kuhesabu siku." Mimi kusi nililisikia kwenye mashairi tu. Mzee akanieleza, kusi ndiyo upepo unaotoka upande wa kusini mashariki, unaanza kama Aprili unaenda mpaka Septemba, na katikati hapo Juni Julai Agosti ndipo unapokuwa na nguvu. Kaskazi inakuja mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi, na bahari inakuwa nyingine kabisa. Sasa tazama, Diani imeelekea mashariki, kwa hiyo kusi inakuja kutoka majini kuja nchi kavu, yaani mtu akiwa angani upepo unamsukuma kwenye minazi. Hii si siri ya mtu, kila mvuvi anaijua, na ajenti anayepeleka watu Diani kila mwaka hawezi kuniambia yeye haijui. Anaijua. Lakini Agosti ndiyo shule zetu zinafunga, Agosti ndiyo wazazi wana hela mkononi, kwa hiyo anauza tu.

Siku ya nne ndiyo ya mwisho, basi letu la kurudi limeshalipiwa. Upepo ule ule, labda umepungua kidogo asubuhi. Kijana wa boti akampigia ajenti simu mbele yangu, spika imefunguliwa, na maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe wallahi: "Wapandishe leo. Wasiporuka sikulipi." Halafu akaomba apewe mimi, akaniambia, "Madam, mkikataa ni nyie mmekataa, hela hairudi." Huyo yuko Kampala, amekaa ofisini ghorofani, haoni hata jani la mnazi linalotikisika, ndiye anayeamua mtoto wangu arushwe au asirushwe.

Nilikubali. Niliangalia sura ya mtoto, siku tatu anasubiri, nikafikiria zile Ijumaa zangu, nikasema haya. Hilo ndilo linaniamsha usiku.

Nilipomsogelea wakati wanamfunga nikaona vitu. Laifu jaketi ina vibano vitatu, kinachofanya kazi ni cha katikati tu, cha juu na cha chini vimekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya manila ya bluu, fundo la kawaida kama la kufunga mbuzi. Kamba ya kuvutia nayo, pale inapoingia kwenye pete ya chuma, imetoa manyoya kama katani, wamepiga fundo juu ya fundo halafu wakazungushia utepe mweusi wa mafundi umeme. Jua, chumvi na mchanga vinaila kamba, na kila fundo linaipunguzia nguvu, mtu yeyote aliyewahi kuvuta mzigo anajua. Hakuna aliyemuuliza ana kilo ngapi. Hakuna kipimo cha upepo, kijana alilowesha kidole akakiinua juu, basi. Nikapiga picha ya lile fundo na nikafungua mdomo niseme subiri kwanza, boti imeshanguruma.

Hatua tatu, yuko juu. Kwa dakika moja hivi alikuwa anapunga mkono na mdogo wangu anapiga kelele za furaha. Halafu boti ilipogeuka parashuti likalala upande, likaanza kuja kwetu, kuja kwenye minazi, kamba imekaza mpaka inalia. Dereva akakata mafuta ili mtoto ashuke haraka. Filimbi ikalia, mtoto kavuta mkanda kama alivyofundishwa, miguu imekaribia mchanga, upepo ukambeba tena juu. Wakarudia. Mara ya pili kagusa chini lakini parashuti halikulala, likajaa upepo likaanza kumburuta, mgongo, ubavu, kidevu, kama hatua kumi na tano juu ya mchanga na vipande vya matumbawe. Yule mzee wa ngalawa, mtu mzima na miaka yake, ndiye wa kwanza kujirusha juu ya kile kitambaa, halafu vijana wawili ndiyo wakafika.

Kidevu mishono minne. Kifundo cha mkono wa kushoto kimeteguka. Mgongo umechubuka, siku tatu alilala kifudifudi, na kwenye basi la kurudi Kampala alikaa ameinama mbele njia nzima. Sanduku la huduma ya kwanza hakuna, walimwosha kwa maji ya chupa ya kunywa. Kliniki ya Ukunda nimelipa mwenyewe shilingi 6,500 za Kenya. Mdogo wangu alisema hata kwa bunduki hapandi, na hela yake pia hairudi, eti kakataa mwenyewe.

Nimerudi nimeanza kusoma, maana niliambiwa na huyo huyo ajenti kwamba "michezo ya maji ndiyo ilivyo kila mahali". Si kweli. Kule Florida, Marekani, Julai 2013 wasichana wawili wa miaka 17 walirushwa Panama City Beach hali ya hewa ikiwa mbaya, kamba ikakatika, upepo ukawapiga kwenye jengo refu, wakaanguka kwenye gari. Walipona lakini waliumia vibaya sana kichwani. Mwaka uliofuata, 2014, jimbo likatunga sheria: upepo ukipita maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, hakuna kurusha mtu. Radi ikiwa ndani ya maili 7, hakuna. Mwenye boti lazima aandike hali ya hewa kwenye daftari kabla ya kutoka na awe na bima ya dola milioni 1. Sheria hiyo ina majina ya wanawake wawili waliokufa huko kwa mchezo huu miaka ya nyuma, 2007 na 2012. Kwa hiyo vipimo vipo, na watu wamevipata kwa damu.

Na sisi Uganda tusijifanye hatujui. Tarehe 24 Novemba 2018 ile boti ya starehe pale Mutima, Mukono, zaidi ya watu 30 walizama wakiuona ufuo, boti imejaza kupita kiasi na leseni haina. Nilijua mtu aliyezika siku ile. Nilifikiri baada ya hapo anayetuuzia starehe ya majini angeogopa kidogo.

Najua kuna atakayekuja kuniambia ulikubali mwenyewe mama, mtoto ni wako. Ndiyo, ni wangu, na nimekubali, na nimekueleza nilikubalishwa namna gani. Mtu aliyelipa mwaka mzima, yuko kilomita zaidi ya elfu moja kutoka nyumbani, siku ya mwisho, unamwambia ruka au upoteze hela, huyo hujampa uamuzi. Ile sentensi ya "hela hairudi" ndiyo iliyompandisha mtoto wangu angani. Vijana wa boti walikataa siku mbili wenyewe! Wangekuwa wanajua watalipwa hata kidogo kwa siku ya upepo, au mimi najua 700,000 yetu inarudi, hakuna mtu angegusa ile kamba asubuhi ile. Kwa hiyo siwalaumu wa Diani peke yao, ingawa ile kamba na ile jaketi ni aibu yao na niliwaambia usoni. Watu wa hoteli walitutunza, na yule mzee nitamkumbuka kwenye swala zangu.

Ninachotaka kwa ajenti, na najua unasoma hapa maana uliwahi kujisifu kwangu kwamba unasoma. Rudisha 700,000 na hela ya kliniki. Toa ile picha ya boti ya winchi kwenye tangazo lako la Agosti, au tuonyeshe hiyo boti ilipo. Andika kwa risiti kwamba upepo ukikataa hela inarudi yote, na aliye pale pwani ndiye anaamua, wewe uliye Kampala unyamaze. Sioni kama nimeomba kitu kikubwa.

Wenye safari zilizokaribia, ulizeni kabla ya kulipa kama ni boti ya winchi au mchangani, na nani anapima upepo na kwa kifaa gani, na mkifika shikeni hiyo kamba kwa mkono, vuteni kila kibano cha jaketi, mkiambiwa mnachelewesha watu wacha wachelewe. Na kama mnaweza ngojeni likizo ya Desemba.

Jina la kampuni siliandiki hapa kwa sasa, wakili aliyeko kwenye kikundi chetu kasema nisubiri. Nina risiti, nina ile picha ya fundo, nina karatasi ya kliniki, na mdogo wangu aliisikia simu kama mimi. Ambao mlisafiri na ajenti mwenye ofisi ghorofani mjini, yule wa pakeji za Diani za siku nne, na mkaambiwa hela hairudi, niandikieni inboksi na mje na risiti zenu. Jumatatu saa tatu asubuhi naenda pale ofisini na kijana wangu, bendeji yake mkononi, na sitatoka bila kuonana naye.