Mama mkwe anataka kumpa mtawa akiba yake yote, nifanyeje?

Mkwe_Mgeni: Wakuu habari zenu. Niko Thailand mwaka wa sita huu, nimeoa hukuhuku. Mama mkwe ni Mbudha wa moyoni, kila alfajiri yuko nje na wali wake anasubiri watawa wapite na bakuli, na wale wa mtaani kwetu nawaheshimu sana, wanapita peku hawaombi kitu. Sasa kuna mtawa wa hekalu la mbali kidogo kamwambia marehemu baba mkwe hajatulia huko aliko, eti itengenezwe sanamu, mama achangie baht 150,000, na juu yake kampa hirizi awauzie ndugu. Hiyo ndo akiba yake yote ya uzeeni. Mke wangu usiku analia ila mbele ya mama kimya. Nikiongea mimi, mgeni tena mkwe, itaonekana natukana dini yao. Mtawa mkweli mnamjuaje?

Vito_BKK: Pole sana kaka. Huku ni dhehebu la Kibudha la Theravada, mtawa ana kanuni 227 na mojawapo inamkataza kupokea dhahabu na fedha, hela za hekalu inatakiwa ashike muumini wa kawaida. Huyo anayetaja bei kwa mdomo wake mwenyewe mimi nisingempa hata mia. Wathai wenyewe wameshaumizwa, yule mtawa Wirapol aliyeonekana kwenye video 2013 ndani ya ndege binafsi, 2018 mahakama ilimpiga miaka 114 kwa utapeli na kutakatisha fedha.

DadaOsaka: Ila jamani madhehebu yanatofautiana. Huku Japani kuhani ana mke na watoto, serikali iliruhusu tangu 1872, hekalu mara nyingi anarithi mwanae. Ukifiwa unalipia jina la kidini la marehemu, na jina la hadhi kubwa linagharimu zaidi. Tulipofiwa na baba mkwe niliona wizi mtupu, lakini yule kuhani mzee alikuja usiku na mvua akakaa na sisi mpaka kunakucha, hela hakuigusia, mume wangu ndo aliuliza. Huyo wako kamtisha mjane kwanza ndo akataja hela, hapo ndo roho yangu inakataa.

Vito_BKK: Kweli dada. Kaka, usimwambie mama asitoe, anamlilia mumewe yule. Mpelekeni kwa watawa wa msituni, wale wa njia ya yule mwalimu wao marehemu Ajahn Chah, mnabeba chakula mnafika asubuhi maana mchana ukishaingia hawali, watawa wanasoma dua mama anamimina maji taratibu, thawabu inamfikia marehemu, bei hakuna. Na aongee mkeo, au mjomba mkubwa kama yupo.

Mkwe_Mgeni: Asanteni sana ndugu zangu. Mjomba yupo na kumbe yeye huwa anaenda hukohuko msituni. Kaongea na mama jana, hela bado haijatoka benki. Jumapili tunaondoka wote saa kumi alfajiri, mama kasema wali atapika mwenyewe.